Michungwa ya Njia ya Amani na Walioipanda

Hotuba kwa wakulima, waongoza wageni na wazee wa mji, Muheza, mkoani Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, kina baba, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma kama mna safari: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wagosi, nawasalimu.

Nimeombwa niseme machache kuhusu historia ya mji wetu na barabara ya kupanda Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, kwa kuwa upo mpango wa kuweka mabango njiani ili mgeni ajue anapita wapi. Nimesoma rasimu ya maneno yatakayoandikwa. Bango la kwanza ni Wajerumani na reli. La pili ni Wajerumani na kahawa. La tatu ni ua la urujuani la Usambara, ambalo Wazungu wamelipa jina la Mjerumani. La nne ni Wagiriki na mkonge. La tano limeandikwa "Mashamba ya machungwa", basi, limeishia hapo. Ukiyafuata mabango haya utasadiki kwamba kila kitu cha Muheza kilipandwa na mtu mwenye jina, isipokuwa machungwa, ambayo yaliota yenyewe.

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Nianze na Wajerumani, maana sitaki mtu aseme nawafuta. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ilikuwa inayatazama mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakifunguliwa kule juu, Derema na jirani zake. Ikapita Pongwe, ikapita Ngomeni, ikafika hapa mwaka 1896. Kilomita 40 kwa miaka mitatu, na hapo fedha zikakauka. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua, lakini treni haikufika Korogwe mpaka 1902. Kwa hiyo kwa miaka kama sita Muheza ndiyo ilikuwa mwisho wa reli. Na mwisho wa reli una mambo yake: mizigo inashushwa, wapagazi wanatafutwa wa kuipandisha milimani, mwenye duka anafungua duka, muuza uji anaweka chungu chake. Hakuna aliyeketi akachora mji hapa kwa sababu ameupenda. Mji huu umezaliwa na kampuni iliyoishiwa pesa, na mimi sioni aibu kulisema hilo kwenye bango.

Kahawa yenyewe iliwavunja moyo. Waliuona msitu wa Usambara Mashariki, miti mirefu mpaka kofia inaanguka ukiitazama, wakasema penye msitu wa namna hii udongo lazima uwe tajiri. Wakafyeka. Kumbe utajiri ule ulikuwa kwenye majani yanayooza juu ya ardhi. Chini kuna udongo mchachu, uliooshwa na mvua tangu enzi na enzi. Mibuni ikazaa misimu michache, ikachoka. Mzee yeyote wa Kibondei, mwenyeji wa hapa, angewaambia, ila sijui kama aliulizwa.

Baada ya hapo ndipo wakajenga kituo cha utafiti Amani, mwaka 1902, wakaanza kuleta miti kutoka pande zote za dunia na kuijaribu mmoja mmoja. Wakati wa Vita vya Kwanza, meli za Waingereza zilipofunga bahari, kituo kile kilikuwa kikitengeneza kwinini kwa magome ya mikwinini yake, na sabuni, na hata pombe kali. Miti ile mingi bado ipo, na waongoza wageni mliopo hapa mnaijua kuliko mimi. Mnayo pia hadithi ya lile ua: Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo liko kwenye madirisha ya nyumba huko Ulaya na Marekani, kwenye vyungu vidogo, na wengi wanaolimwagilia hawajui Tanga iko wapi. Hadithi nzuri. Ibaki.

Lakini walowezi wa Kijerumani waliotaka kuishi, yaani kuzaa na kuzeeka nchini, hawakuitaka Muheza. Muheza kuna joto na kuna mbu. Wao walikimbilia Lushoto, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakapanda matunda ya kwao. Ndiyo maana wenzetu wa Lushoto mpaka leo wanauza mapeasi, maplamsi na mapichesi kando ya barabara ya Soni. Bustani za kule zinaweza kudai babu mlowezi wa Kizungu. Za kwetu haziwezi. Kwetu Mzungu alikuwa na shamba la mkonge, msimamizi, na nyumba kilimani penye upepo.

Mkonge mnaujua. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai Pangani ni 62. Kutokana na hiyo 62, bonde letu lote likageuka safu za mkonge. Mtaniuliza, ardhi ya kupanda yote hayo ilitoka wapi? Mwaka 1895 dola ya Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali yake. Tazameni ujanja uliomo. Mbondei alikuwa analima hapa miaka mitatu minne, kisha anahamia pale ili udongo upumzike. Shamba lililopumzishwa lina mwenyewe, jirani anamjua, mpaka unajulikana. Ila kwa jicho la mpimaji aliyekuja na kamba na karatasi, pale ni pori. Pori halina mwenyewe. Likachukuliwa.

Vita vilipokwisha Mwingereza akayataifisha mashamba yale kama mali ya adui na kuyauza. Wakanunua Wagiriki, Wahindi, Waingereza, Waswisi. Kuanzia 1925 hata Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Hapo mabango yamesema kweli na sina la kuongeza.

Sasa nifike kwa watu ambao hawana bango.

Jani la mkonge likikatwa haliwezi kungoja. Lazima lifike korona, yaani kwenye mashine ya kusaga majani, upesi, lisagwe, singa, yaani nyuzi zake, zioshwe, zianikwe, zipigwe brashi. Kwa hiyo shamba la mkonge linahitaji mikono mingi, kila siku, mwaka mzima. Wabondei na Wazigua hawakuwa na hamu ya kazi ile. Walikuwa na mashamba yao ya chakula, na mtu mwenye mahindi yake ghalani humpati kirahisi kwa mshahara wa mkonge. Basi watu wakaletwa kutoka mbali. Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Waha walitoka Kigoma, Wangoni Songea, Wabena Njombe, na wengine walitoka Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na malori na treni zikawa zinashusha manamba, ndio vibarua hao wa mashamba, kwenye stesheni zetu.

Kila mmoja na kipande chake. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Hupati mshahara mpaka kijae. Na siku haikuhesabiwa kwa jua kuchwa, ilihesabiwa kwa idadi ya matita ya majani uliyokata. Hukumaliza kazi yako, siku haikuandikwa. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Manamba hakupewa hata hizo siku mbili.

Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 zilitoka karibu tani 230,000, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Miaka ikapita, korona moja ikanyamaza, na nyingine, na nyingine. Sababu za anguko lile zinabishaniwa mpaka leo, na mkiniachia mimi tutalala hapa. Leo si siku yake.

Linalonihusu ni swali dogo. Korona iliponyamaza, wale watu wa kambini walikwenda wapi? Tanga ina usemi wake, "waja leo, waondoka leo". Waondoke waende wapi? Mtu ameoa hapa, amezika mama yake hapa, watoto wake wanasema Kibondei na kiswahili cha mwambao, na lugha ya babu yao wanaijua kwa salamu tu. Alibaki. Ukitaka walowezi wa Muheza, yaani watu waliotoka mbali wakafanya makazi, wakajenga, wakapanda, huyu ndiye. Mgiriki alirudi au alihamia kwingine. Huyu yupo. Baadhi yao, au watoto wao, wamekaa kwenye viti hivi hivi.

Na hapa ndipo inapoingia michungwa. Naomba utulivu kidogo, mama mwenye mtoto analia asitoke, tumezoea.

Kwenye mwambao wetu, tangu zamani, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mnafahamu kwamba mtu anaweza kuuza minazi yake kumi na ardhi ikabaki ya mwingine. Anaweza kuiweka rehani, anaweza kuirithisha. Na mgeni akiomba mahali pa kulima, anapewa. Analima mihogo, analima mahindi, anapanda kunde, hakuna neno. Lakini akionekana amechimba shimo la mnazi, au la mwembe, au la mchungwa, wazee wanamwendea jioni ile ile. Kwa nini? Kwa sababu muhogo unang'olewa baada ya mwaka na mambo yameisha. Mti wa kudumu unasema: mimi nipo, na mtoto wangu atakuwepo. Kupanda mti ni kudai ardhi.

Sasa mchukue mtu aliyeishi miaka ishirini kwenye chumba cha kambi, kwenye ardhi ya shamba, na kijishamba cha kuazima cha kulimia chakula. Mti wa kudumu haukuwa haki yake. Siku alipopata kipande chake mwenyewe, kwa kununua kwa Mbondei, kwa kuoa, kwa kugawiwa na kijiji, au kwa kuingia taratibu kwenye mkonge uliotelekezwa, alipanda nini kwanza? Nendeni mkaangalie mashamba ya zamani kuelekea kijiji cha Kisiwani. Michungwa imeanzia mpakani. Katikati kuna mihogo na minazi michache, lakini michungwa imesimama pembeni, imezunguka. Agronomia gani hiyo? Hiyo ni hati. Kabla ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na hati zake za kimila, hati ya mtu wa kawaida ilikuwa inatoa maua.

Na chungwa lenyewe, tafadhali, bango lisithubutu kusema lililetwa na Mjerumani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, sultani wa pale alimpelekea kondoo, machungwa, malimao na miwa. Miaka karibu 400 kabla ya reli yetu. Madanzi, ndimu, machungwa, yote hayo yalikuwa ya mwambao. Kilichobadilika hapa kwetu ni namna ya kupanda. Zamani ulitia kokwa ukangoja, na kungoja kwenyewe ni miaka saba, minane, na ukibahatika linakuja tamu. Siku hizi tunabebesha. Unaotesha mbegu ya mlimao mkali, kwa sababu mizizi yake ni migumu, inavumilia. Shina likinenepa kama penseli unalichana gome, unachomeka jicho la mchungwa uliouchagua, unafunga kwa utepe wa nailoni. Wiki tatu unafungua. Mwaka wa tatu au wa nne unaonja. Mngetegemea sasa nifananishe mti huo wenye miguu ya mlimao na kichwa cha mchungwa na watu wa Muheza. Sifananishi, tuna kazi.

Haya, tupande barabara wenyewe. Ukitoka mjini, mkono wa kulia na wa kushoto ni michungwa iliyochanganywa na minazi na miembe, nyumba zimejificha ndani yake. Vuli ikinyesha vizuri, ile Novemba, harufu ya maua inaingia mpaka ndani ya basi, na abiria waliokuwa wanagombania siti wanakaa kimya. Baadaye unaingia misaji, yaani mitiki, ya Longuza, mistari iliyonyooka, kivuli kimoja kirefu, majani mapana yanakatika chini ya matairi. Halafu mto Sigi. Pale Sigi ipo nyumba ya mkuu wa stesheni ya ile reli nyembamba iliyotoka Tengeni kubeba mbao. Sasa ni ya wageni wa hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Kutoka Sigi barabara inajipinda, hewa inapoa, unaanza kuona iliki na mdalasini na karafuu chini ya miti mikubwa, halafu chai. Kutoka kama mita 200 juu ya bahari mpaka 900 na ushee, ndani ya safari ya asubuhi moja. Sijaona barabara nyingine mkoani inayobadilika hivyo. Wenzangu wa Lushoto watabisha. Waacheni wabishe, wana mapichesi.

Mgeni akipita msimu wa Juni au Julai ataona machungwa mabichi kwa rangi, kijani kibichi, yamepangwa kwa mafungu mezani, na atakataa kununua akidhani hayajaiva. Hilo ndilo bango la kwanza ningeweka mimi! Chungwa hugeuka rangi kwa baridi ya usiku, na Muheza hatuna baridi ya usiku. Limeiva, lina maji, lina sukari, limevaa kijani. Muuzaji anamenya, anakata kichwa, anakupa, utajua mwenyewe.

Lakini yapo mambo ambayo mgeni hayaoni, na haya nataka viongozi wayasikie. Yule anayesimamisha gari mwezi wa Novemba kupiga picha ya maua, maua yale anayoyapiga picha mara nyingi yameshauzwa. Mkulima ana karo ya mtoto Januari, ana mgonjwa, ana msiba. Mchuuzi anakuja wakati shamba limechanua, anatembea kati ya mistari, anakadiria, anatoa bei ya shamba zima. Pesa inapokelewa. Julai Fuso linakuja, vijana wanachuma, matenga yanapakiwa, linaelekea Horohoro, mpakani na Kenya, na kutoka hapo Mombasa na Nairobi, na mwenye shamba amekaa barazani anayatazama machungwa yake yakipita kama ya mtu mwingine. Na ni ya mtu mwingine kweli. Simlaumu mchuuzi, naye ana hasara zake, mvua ikikataa au nzi wa matunda wakiingia. Nasema tu kwamba kuremba barabara hii kwa mabango huku anayeitunza anauza maua kwa bei ya shida, ni kumpamba bibi harusi ambaye hajala.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya, na sitayapanga kwa herufi kama barua ya ofisi. Bango la reli libaki, ila liseme kampuni iliishiwa fedha, na liseme nani alibeba mataruma. Bango la mkonge liandike manamba, na liandike walikotoka, Kigoma, Songea, Njombe, Urundi, Msumbiji, ili mjukuu wao akipita na baiskeli asome. Bango la michungwa liondolewe kabisa lile neno "mashamba ya machungwa" lililokaa peke yake. Badala yake kila kijiji kati ya mji na Sigi kikae na wazee wake, kiulizane: shamba hili la kwanza alipanda nani, alitoka wapi, aliinunuaje ardhi, mche aliutoa wapi? Yaandikwe hayo, kwa ridhaa ya wenyewe, kwa Kiswahili kwanza.

Na fedha za wageni zisiishie getini Sigi. Mgeni anayetaka kuingia shambani alipe mwenye shamba, achume mwenyewe, aonyeshwe kubebesha. Mkulima akipata chochote kabla ya Januari hatamkimbilia mchuuzi na maua. Hili linahitaji choo. Nasema bila haya, Mheshimiwa Mwenyekiti: kutoka stendi mpaka Sigi, mama mwenye wageni wanne hana pa kuwapeleka ila nyuma ya michungwa ya watu. Tujenge vyoo viwili kabla ya bango hata moja.

Katibu anayo karatasi ya majina ya wazee watakaohojiwa. Nimeona upande wa Kisiwani una mistari imejaa na upande wa mjini uko mtupu. Watu wa mjini, msiondoke kabla ya kuandika. Na kwa maswali nipo, isipokuwa la bei ya tenga. Hilo mwulizeni mwenye Fuso, amekaa safu ya pili.